Semina za usafi wa samaki zinafundisha nini?

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara Mwanza vikabanwa. Mfanyakazi wa kiwandani hana hiari: sharti afundishwe usafi, akanyage maji ya dawa mlangoni, anawe mikono kila atokapo chooni. Je, amejifunza? Naamini ndiyo, ila si kwa sababu ya cheti. Msimamizi anamwona, na shehena ikikutwa na vijidudu vya salmonella hukataliwa.

Sasa teremka mwaloni. Mama anayekausha dagaa naye ameitwa semina, akaambiwa aanike kwenye chanja badala ya mchangani. Somo analijua, hata ukimwamsha usiku atakujibu. Lakini chanja zinataka miti na nyavu, na zote ni fedha. Mchuuzi akija na bei moja kwa dagaa safi na wenye mchanga, nani ataingia gharama hiyo? (Tena mchanga nao una uzito kwenye mzani.)

Kabla ya semina nyingine, waandaaji wakae kwanza na wanunuzi, wakubaliane dagaa wa chanja waongezewe shilingi ngapi kwa kilo.