Mark X kwenye mvua: kwa nini sehemu ya nyuma huteleza kwanza

Mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Hapa Ntimaru mara nyingi hunyesha alasiri, saa ambazo wanafunzi wanatoka shuleni na wachuuzi wanakusanya bidhaa zao sokoni. Ni saa hizo hizo ambapo magari yanarudi kutoka Kehancha na Isebania, na dereva ana haraka ya kufika kabla barabara haijaharibika.

Gari tunalotaka kulizungumzia ni lile lenye injini kubwa ambalo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Mfano unaojulikana na wengi ni Toyota Mark X, iliyotengenezwa Japani kuanzia 2004 hadi 2019. Injini yake ndogo ina lita 2.5 na nguvu zaidi ya farasi 200. Vijana wetu wengi wanaipenda, na si ajabu, kwa kuwa ni gari tulivu, lina kasi, na likiwa limetumika bei yake si ya kutisha. Tatizo ni kwamba wengi wao walijifunza kuendesha wakitumia Probox au Fielder, ambazo kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele. Tabia za magari haya mawili kwenye utelezi hazifanani.

Tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kiganja hicho kina kiasi fulani tu cha kushika lami, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kazi tatu: kusukuma gari, kulisimamisha na kulipindisha. Lami ikiloa, kiasi hicho hupungua sana. Sasa ukiwa katikati ya kona ukakanyaga mafuta, tairi za nyuma za Mark X hutumia nguvu zote kusukuma na hazibakiwi na za kushikilia kona. Sehemu ya nyuma inatoka nje, pua inageukia ndani, na gari linazunguka. Gari la kuvutwa mbele likizidiwa hukataa kupinda, na hilo hukupa dalili mapema. La kusukumwa nyuma hukupa muda mfupi zaidi.

Hatari hiyo huongezeka mahali ambapo barabara ya murram inaingia kwenye lami. Trekta na boda boda huacha matope hapo, na mvua ya kwanza hugeuza vumbi na mafuta yaliyomwagika kuwa kama sabuni. Usidhani mvua nyepesi ni salama zaidi. Manyunyu ya dakika za mwanzo huteleza vibaya kwa sababu bado hayajaosha barabara. Mvua ikizidi hadi maji yatuame, tairi zinaweza kuelea juu ya maji, na usukani ukawa mwepesi ghafla. Ukihisi hivyo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shikilia usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki kwa ghafla.

Yote haya humfikisha dereva kwenye kanuni moja ya zamani: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Shika breki gari likiwa bado limenyooka, pinda kwa mwendo huo mdogo, na uongeze mafuta kidogo kidogo pale tu usukani unaporudi katikati. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mtoto anayevuka barabara mbele ya shule hana namna ya kujua gari lako lina farasi wangapi. Acha sekunde nne kati yako na gari la mbele, badala ya mbili za wakati wa kiangazi.

Sehemu ya nyuma ikianza kutoka, tazama unakotaka kwenda na ugeuze usukani kuelekea huko. Ondoa mguu kwenye mafuta kwa upole. Anayeuondoa kwa ghafla au kukanyaga breki kwa nguvu mara nyingi humalizia mzunguko alioanzisha. Gari likirudi katika mstari, rudisha usukani mapema, la sivyo litatupwa upande wa pili.

Magari mengi ya aina hii yana mfumo unaozuia magurudumu kuzunguka bure, na kitufe cha kuuzima. Usiuzime mvua ikinyesha. Wapo wanaouzima ili kuwaonyesha wenzao jinsi gari linavyocheza. Hilo halina nafasi barabarani. Baadhi pia yana kitufe kilichoandikwa SNOW. Hatuna theluji Ntimaru, lakini kitufe hicho hupunguza ukali wa mafuta wakati wa kuondoka, na husaidia sana kwenye matope.

Kuhusu tairi, chunguza zote nne, na ya akiba pia. Alama ndogo zilizo ndani ya mifereji zinaonyesha kina cha milimita 1.6, tairi ikifika hapo, ibadilishwe. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na mifereji mizuri lakini raba yake imekuwa ngumu, na kwenye mvua raba ngumu haishiki. Ukinunua mbili mpya, ziweke nyuma. Wengi huweka mbele, na tunaelewa kwa nini, lakini kwa gari hili hilo ni kosa.

Mwisho, maji yanayokatiza barabara. Mark X iko chini, na maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo. Ukifika kwenye kijito kilichofurika na huoni lami chini yake, geuza na usubiri maji yashuke. Ukiona gari lililonaswa, usiingie majini kulivuta. Piga 999 au 112.