Rangi ya gari jipya ikibambuka Turkana, dhamana yakulinda vipi?

GARI jipya likishafika Lokitaung huchukua majuma machache tu kabla halijafanana na yale liliyoyakuta. Vumbi huingia kila mahali, vijiwe vya barabarani hugonga boneti na madigadi, na miiba ya mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae, huchora mistari mirefu ubavuni. Kwa hiyo rangi inapoanza kutoa malengelenge, au kutu inapochuruzika kutoka katika ukingo wa mlango, mwenye gari aghalabu hudhani kwamba ni yale yale ya jangwani. Humwita fundi wa mtaani, akasugua na kupaka rangi ya kopo, mambo yakaisha.

Huenda hayakuisha. Huenda mwenye gari amelipa kutoka mfukoni mwake kazi iliyokuwa juu ya kampuni iliyomuuzia, na vilevile ameufuta ushahidi ambao ungemsaidia kuidai kampuni hiyo kasoro ikirejea baada ya mvua moja au mbili.

Neno dhamana limezoeleka zaidi katika habari za mahakamani, mshukiwa anapoachiliwa hadi siku ya kesi. Hapa maana yake ni ahadi ya maandishi kwamba muuzaji au mtengenezaji atarekebisha, bila malipo, kasoro iliyotokana na vifaa duni au kazi mbovu kiwandani. Ahadi hiyo ina mipaka ya muda na ya kilomita. Tena si ahadi moja. Kijitabu cha dhamana mara nyingi hutenga injini na mitambo upande mmoja, rangi upande mwingine, na kutu iliyotoboa bati kutoka ndani ikapewa muda wake, ambao kwa kawaida ni mrefu zaidi. Kutu ya juu juu iliyoanzia kwenye mkwaruzo haihesabiwi kuwa kutu iliyotoboa. Anayekisoma kijitabu hicho siku anayokabidhiwa funguo hana haja ya kubishana baadaye.

Ni kweli kwamba magari mengi ya watu binafsi nchini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, na hayaji na dhamana ya mtengenezaji. Lakini Turkana ina magari mapya mengi kuliko mtu angalivyodhani: ya serikali ya kaunti, ya mashirika yanayohudumia wakimbizi Kakuma na Kalobeyei, ya makanisa, na pikapu za wafanyabiashara waliochukua mkopo. Hawa wa mwisho ndio wenye la kupoteza. Mkopo wa miaka kadhaa haungoji bati lioze, na gari lenye kutu halirudishi fedha likiuzwa.

Ili kujua kosa ni la nani, yafaa kwanza kujua rangi huwekwaje. Bodi ikishaungwa kiwandani husafishwa na kutiwa kemikali ya fosfeti, kisha huzamishwa nzima katika hodhi la rangi ya kwanza, ambayo hushikishwa kwenye bati kwa nguvu za umeme. Hiyo ndiyo ngao halisi dhidi ya kutu. Baadaye maungio ya mabati, yaani kingo za milango, sakafu, na pale paa linapokutana na nguzo, hupakwa gundi nzito ya kuzibia ambayo mafundi huiita silanti. Ndipo hufuata rangi ya kati, rangi yenyewe tuionayo, na juu kabisa tabaka angavu linaloleta mng'ao. Tabaka zote hizo kwa pamoja zina unene wa mikroni 100 hivi, kama karatasi ya kuandikia.

Karatasi hiyo ndiyo inayosimama baina ya bati na jua la Lodwar, ambako nyuzi 35 za mchana si habari ya kushangaza, na boneti lililoachwa juani huwaka kiasi cha kuunguza kiganja. Muuzaji atasema jua ndilo lililoiharibu rangi. Jibu ni kwamba jua si ajali. Gari lililouzwa Kenya liliuzwa litumike juani, na rangi inayoachana na bati kwa sababu ya mwanga wa jua ina kasoro. Hoja hii haikubuniwa na wanunuzi wakorofi. Mwaka 2022 kampuni ya Toyota nchini Australia ilikiri kwamba katika baadhi ya magari yake meupe mshikamano baina ya rangi ya kwanza na tabaka linaloifuata ungeweza kudhoofika kwa kupigwa na jua, ikajitolea kuyarekebisha. Mwenye gari jeupe, rangi ipendwayo na mashirika mengi huku kaskazini, ana sababu ya kulichunguza paa lake.

Dalili zenyewe husomeka. Alama ya jiwe ni kidoti chenye kingo kali, aghalabu mbele ya gari au nyuma ya magurudumu, na kutu huenea kuanzia hapo. Mkwaruzo wa mti una mwelekeo mmoja. Haya mawili hayamo katika dhamana, na kuyadai ni kumpa mkaguzi sababu ya kukutilia shaka katika yote. Kasoro ya kiwandani huonekana tofauti: rangi hubambuka vipande vipande mahali ambapo hapana kilichogonga, hasa paani na juu ya boneti, na chini yake huonekana uso laini wa rangi ya kwanza. Au malengelenge hujipanga kando ya kiungo cha mabati, kwa kuwa maji yameingia ndani na kutu inasukuma kuja nje. Silanti iliyopakwa vibaya hupasuka mistari myembamba, huacha tundu dogo mwishoni mwa ukingo, au huinuka ukiigusa kwa ukucha.

Upo pia uwezekano kwamba gari liligongwa njiani au katika yadi, likapakwa rangi upya kabla ya kuuzwa. Kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani, hulifichua jambo hilo: mlango mmoja ukisoma mara mbili au zaidi ya mwenzake, kuna aliyeupaka tena. Asiye na kipimo atazame rangi ya mlango na ya madigadi asubuhi au alasiri, jua likiwa la mshazari, na apapase kingo za mpira wa kioo kutafuta chembe za rangi.

Kwa wanaoishi kwenye vumbi, silanti na mipira ya milango ni muhimu kuliko mng'ao. Vumbi likirundikana chini ya zulia baada ya safari moja, kuna mlango au kiungo kisichoziba. Bana kipande cha karatasi baina ya mlango na mpira, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira haukandamizwi hapo. Usiku, mtu aketi ndani katika giza na mwingine azungushe tochi nje. Palipo na mwanga pana njia. Maji nayo yamwagwe polepole kuanzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu hutajua yaliingilia wapi. Kazi hizi tatu hazihitaji gereji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limewakosesha wengi haki yao. Magari mengi ya Turkana hayabaki jinsi yalivyotoka kiwandani. Pikapu hugeuzwa kuwa ambulensi au gari la kubebea askari, lori huundiwa bodi, paani hufungwa chuma cha kubebea mizigo. Kila tundu linalotobolewa kwa ajili hiyo huikata ile rangi ya kwanza, na lisipozibwa ipasavyo kutu huanzia hapo. Kasoro hiyo si ya mtengenezaji wa gari, ni ya aliyetoboa. Kwa hiyo anayenunua gari pamoja na bodi iliyoundwa na kampuni nyingine adai dhamana mbili za maandishi, na ajue mpaka wa kila moja. Vilevile desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu haifai. Oili hulainisha na kuvimbisha mipira, na humpa mkaguzi kisingizio.

Maji ya Ziwa Turkana yana chumvi na magadi. Gari linalofuata samaki ufuoni lioshwe kwa maji baridi, chini na juu, kwa kuwa madhara ya chumvi na kemikali kwa kawaida hayamo katika dhamana.

Serikali ya kikoloni iliichagua Lokitaung kumfungia Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953, kwa sababu ulikuwa mji wa mbali. Umbali huo haujamwacha mwenye gari. Lodwar iko zaidi ya kilomita 130 kutoka hapo, na Lodwar hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 700. Muuzaji atasema, "Lete gari tulione," na safari hiyo yenyewe itaongeza alama za mawe. Ndiyo maana madai yaanze kwa maandishi kabla gari halijasogea: barua au baruapepe yenye nambari ya chasisi, kilomita zilizosomeka siku hiyo, tarehe ya kuiona kasoro, na picha zilizopigwa mchana, moja ya mbali na nyingine ya karibu yenye sarafu au rula kuonyesha ukubwa. Uliza pia nani atagharimia usafiri, na udai jibu la maandishi. Kasoro iliyoripotiwa kabla ya muda kwisha ina uzito hata ikiwa ukarabati utafanywa baadaye.

Muuzaji akikubali, usiridhike na neno "tutapaka." Silanti iliyopasuka ikifunikwa kwa rangi bila kukwanguliwa na kupakwa upya, maji yataendelea kupita, na kutu itarudi muda ukiwa umekwisha. Peleka orodha ya kazi zitakazofanywa, na udai kwamba ukarabati nao uwe na dhamana.

Akikataa, sheria haijakoma kwenye kijitabu chake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze iliyo na ubora unaostahili soko. Inayo tahadhari moja: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mkwaruzo ulioonekana wazi siku ya kukabidhiwa gari, ukatia saini bila kuuandika, ni wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro, nayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inabatilisha masharti yanayodai kumwondolea kinga za kisheria.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza kesi za mauzo ya bidhaa zisizozidi Sh1 milioni, kiasi ambacho ukarabati wa rangi na silanti kwa kawaida haukifikii. Mdai anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Madai ya mkataba kwa jumla yana muda wa miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa, ingawa kadiri mtu anavyokawia ndivyo muuzaji anavyopata mawe zaidi ya kuyasingizia.

Atakayeketi kuamua hataliona gari likiwa Lokitaung. Ataona barua, tarehe na picha, na rekodi ya kila ukarabati uliofanywa katika karakana iliyoidhinishwa. Hiyo ya mwisho wengi hawanayo, kwa sababu huduma ilifanyiwa chini ya mti na risiti haikuandikwa.