LUGHA “INAYOAMINIKA”: ISTILAHI NA USALAMA WA HIFADHIDATA

Baadhi ya seva za hifadhidata hupachikwa lugha za programu ili data ichakatwe pale ilipo. Hapo huzuka swali: programu ya mtumiaji wa kawaida izuiweje kusoma mafaili ya kompyuta nzima?

PostgreSQL huzigawa lugha hizo makundi mawili: “zinazoaminika”, kama PL/Perl, na “zisizoaminika”, ambazo msimamizi mkuu pekee huruhusiwa kuundia fanksheni. Msomaji aweza kudhani kwamba inayoaminika ndiyo yenye uhuru mkubwa. La hasha, huaminika kwa kuwa imewekewa mipaka. Mnyambuliko wa Kiswahili hudhihirisha jambo hili: -aminiwa huelekeza kwa mtu anayeamini, ilhali -aminika hutaja sifa ya kitu chenyewe. Ndivyo yalivyo maji ya Mutwanga, chini ya Ruwenzori, yaliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2013: manufaa yake hutokana na uimara wa mfereji, si upole wa maji.

Hata hivyo, mipaka hubomoka. Mwaka 2003 kizuizi cha ndani cha Python kiliachwa kwa udhaifu wake, na PL/Python ikahamishiwa kundi la pili. Mwaka 2025 ilitangazwa kasoro katika Lua ya Redis, iliyodumu miaka ipatayo 13, ambayo ilimwezesha mtumiaji aliyekwisha kuingia kuvuka uzio.

Kwa hiyo, neno “inayoaminika” lisichukuliwe kuwa dhamana. Msimamizi hana budi kupunguza vibali, kuondoa lugha zisizotumika na kusahihisha seva mapema.