Kutenda na Kutendwa: Fundo la Kiingereza Katika Shule za Kitui na Makueni

Walimu wa Kiingereza katika Kitui na Makueni wanalijua sana kosa moja lionekanalo katika madaftari ya wanafunzi mwaka hata mwaka. Mwanafunzi ataka kuandika kwamba bwawa linajengwa, naye huandika "The dam is building", yaani bwawa linajenga. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, na juma lifuatalo kosa lilo hilo hurudi. Wako wadhanio kwamba mtoto hakusikiliza. Lakini sababu yake yatoka katika lugha zenyewe, na mwalimu akiifahamu kazi yake itapungua.

Kwanza ieleweke kwamba habari ya kutendwa si ngeni kwa mtoto wa Ukambani. Kikamba huionyesha kwa sauti ndogo ya "w" karibu na mwisho wa kitenzi, kama Kiswahili kifanyavyo: kũtũma na kũtũmwa, kũsyaa na kũsyawa, yaani kuzaa na kuzaliwa. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao katika madarasa 3 ya kwanza. Basi mtoto aingiapo darasa la nne, ambapo Kiingereza ndicho lugha ya masomo, maarifa ya kutendwa anayo tayari. Limshindalo ni kwamba Kiingereza hutawanya katika maneno kadha mzigo aliozoea kuubeba katika neno moja.

Tazama neno "linajengwa". "Li" ni bwawa, "na" ni kazi inayoendelea, "jeng" ni kazi yenyewe, na "w" ni kutendwa. Mwingereza husema "is being built". Hapo neno la katikati ndilo zito kuliko yote, kwa maana mwanzo wake, "be", ukiungana na "built" huonyesha kutendwa, na mwisho wake, "ing", huonyesha kwamba kazi haijakwisha. Tena neno hilo hutamkwa upesi, hata mtoto asilisikie. Akiliacha, bwawa hugeuka kuwa fundi.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Waingereza wenyewe zamani walisema "the house is building", wakimaanisha kwamba nyumba inajengwa. Namna ya sasa ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 wako wataalamu wa sarufi walioikemea kuwa mbaya. Hata hivyo mwanafunzi asijitetee kwa hoja hiyo mbele ya mtahini.

Njia iliyo bora ya kulifundisha jambo hili ni kulitenda kabla ya kuliandika. Mwalimu awatoe watoto nje, ampe mmoja jembe achimbe shimo la kupandia mche. Jembe lingali likipanda na kushuka, darasa lote liseme: "Mutua is digging a hole." Kisha mwalimu aoneshe shimo kwa kidole, wala si Mutua, nao waseme: "A hole is being dug." Mutua akiweka jembe chini, "being" nalo hukoma, na sasa watasema: "A hole has been dug." Mtoto aliyeona jembe likisimama hatasahau upesi tofauti ya "linachimbwa" na "limechimbwa".

Na tofauti hiyo si ya mtihani tu. Gazeti rasmi la Serikali ya Kenya huchapishwa kwa Kiingereza, na matangazo mengi ya ardhi humo pia. Mzee akiletewa tangazo, mara nyingi mjukuu wake ndiye amsomeaye. Ikiwa limeandikwa kwamba shamba "is being sold", mauzo hayajakwisha, na mwenye dai ana sababu ya kwenda mbio kwa wakili au afisini. Ikiwa ni "has been sold", limekwisha kuuzwa, na shauri lake ni lingine kabisa. Mjukuu asemaye "ni habari ya kuuza shamba" tu hakumsaidia babu yake.

Liko fundo jingine katika ile "na" ya Kiswahili. Twasema "anachimba" kwa mtu aliye shimoni sasa hivi, na twasema "anajua" kwa maarifa yakaayo daima. Kiingereza hutenga mambo hayo. Kuchimba huwa "is digging", bali kujua, kupenda na kuwa na mali havipokei "ing" kwa desturi. Ndiyo sababu "I am knowing" na "I am having two goats" husikika vibaya masikioni mwa Mwingereza, ingawa kwa Mswahili hakuna kasoro.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni lile la "nimeibiwa". Lugha zetu humruhusu mtu aliyepatwa na hasara asimame mbele ya kitenzi: nimeibiwa mbuzi, amefiwa na mama, tumeletewa mbegu. Mtu wa Makueni afikapo kituo cha polisi akasema "I have been stolen my goat", askari ataelewa, lakini maneno yake yaanza kana kwamba mwizi alimchukua yeye mwenyewe. Mbuzi ndiye atangulie: "My goat has been stolen." Kufiwa hakuna kitenzi kama hicho katika Kiingereza cha kila siku, husemwa "She has lost her mother". Bali kuletewa kwakubali, "We have been brought seed", na hapo wanafunzi hulalamika kwamba Kiingereza hakina msimamo. Malalamiko yao ni ya haki. Mwalimu awape vitenzi hivyo kimoja kimoja, kila kimoja na mfano wake, wala asitafute kanuni moja ya kuvifunga vyote.