Mpini wa Panga Umekufa? Usitupe Chuma, Weka Mpini wa Mti

Leo tuongelee kitu kidogo ambacho kinakula hela na vidole: mpini wa panga na visu vya kuvunia.

Mapanga mengi ya dukani yanakuja na mpini wa plastiki. Chuma ni kizuri tu, ila plastiki ikipigwa na jua msimu baada ya msimu inakuwa kavu na kupasuka. Riveti zinalegea, mpini unaanza kucheza. Wengi wanafunga mpira wa tyubu na kuendelea na kazi. Hiyo ni hatari. Mpini unaocheza unageuza makali mkononi, na mkono ukiwa na jasho panga linateleza. Kibarua akijikata, hasara ya siku hiyo ni kubwa kuliko bei ya panga jipya.

Kwanza kagua chuma

Toa mpini wa zamani uone mkia wa panga, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Saga vichwa vya riveti kwa tupa, kisha zisukume nje kwa msumari butu na nyundo. Usichome plastiki motoni. Moshi wake ni sumu, na joto likipanda hadi kwenye bapa, chuma kinalainika na makali hayatakaa tena.

Safisha kutu, halafu angalia kuzunguka matundu. Ukiona ufa, hata mdogo, panga hilo limestaafu. Mpini mpya hautaliokoa.

Mti upi?

Unataka mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka. Mninga ni mzuri sana kwa sababu hausinyai wala kupinda ovyo. Msaji nao unafaa, na una mafuta yake ya asili yanayosaidia kukataa maji. Mpera ni imara na unapatikana majumbani. Mwembe achana nao, wadudu wanaupenda mno.

Huna haja ya kukata mti. Nenda kwa fundi seremala, omba mabaki. Kipande cha sm 15 kwake ni kuni, kwako ni mpini. Na kumbuka, kukata mninga au mpingo msituni bila kibali ni kosa.

Kosa kubwa ninaloliona ni kutumia mti mbichi. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na baada ya muda mpini unaanza kucheza upya. Kama huna uhakika, tumia mizani ya jikoni: pima kipande, kiweke kivulini penye hewa, pima tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka.

Kazi yenyewe

1. Pasua vibao viwili, nyuzi zikienda kwa urefu wa mpini. Upande unaokaa kwenye chuma uwe bapa kabisa. Ukiviweka pamoja usione mwanga katikati.

2. Funga bapa la panga kwa gunia au kitambaa kizito kabla ya kuanza, usije ukajikata.

3. Bana kibao cha kwanza kwenye mkia, toboa kwa keekee ukipitia matundu ya chuma. Rudia kwa kibao cha pili. Tumia biti inayolingana na msumari utakaotumia kama riveti.

4. Ncha ya mbele, inayoelekea bapa, ilainishe kwa msasa sasa hivi. Ukishagandisha huwezi kuifikia bila kukwaruza chuma.

5. Kwaruza mkia kwa msasa mkali, ufute kwa spiriti, upake gundi ya epoksi ya mirija miwili. Pitisha misumari, bana kwa jiliwa kiasi tu. Ukibana mno gundi yote inatoka. Acha saa 24.

6. Panua kidogo midomo ya matundu, kata misumari ibaki mm 2 kila upande, kisha igonge taratibu mpaka ijae pale. Ukipiga kwa hasira mti unapasuka.

7. Chonga kwa tupa ya mbao, malizia na msasa namba 80, 120, halafu 240. Vaa barakoa, vumbi la miti migumu linawasha mapua na mapafu.

Umbo liwe la yai, siyo mviringo kamili, ili mkono ujue makali yako wapi bila kuangalia. Unene wa sm 3 hadi 4 na urefu wa sm 12 hadi 14 unafaa mikono mingi. Mwishoni acha kivimbe kidogo cha kuzuia panga kuchomoka. Mpe anayelitumia kila siku alishike kabla hujamaliza, maana mkono wake ndio kipimo.

Mafuta na matunzo

Paka mafuta ya linsidi mara tatu, ukiacha yakauke kila mara. Mafuta ya kupikia hayafai, yanabaki yananata. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kushika moto chenyewe.

Usiloweke panga kwenye ndoo. Maji yanavimbisha mti, likikauka unasinyaa, na gundi inaachia.

Wapi usitumie mpini wa mti

Mti unanyonya maji na uchafu. Kwenye chumba cha kufungashia mboga na matunda, hasa ya kuuza nje, tumia visu vya mpini wa plastiki vinavyosafishika, na muulize mnunuzi wako masharti yake mapema. Mpini wa mti ubaki shambani: kufyeka, kupogoa migomba, kukata majani ya mifugo.

Jumamosi hii kusanya mapanga yote ya shamba, yashike moja moja na uyatikise. Linalocheza liweke pembeni, lisiende kazini Jumatatu.

Kazi njema.