Kati ya “Hatukushinda” na “Hatujashinda”: Lugha ya Tumaini Miongoni mwa Mashabiki wa AFC Leopards

Utangulizi

Kipenga cha mwisho kikilia, wachezaji huenda zao kupumzika, ilhali shabiki hubaki na maneno. Kwa maneno hayo huihukumu timu yake, huisamehe na kuipangia ushindi wa wiki ijayo. Makala haya yananuia kufafanua jinsi sarufi na msamiati wa Kiswahili unavyolibeba tumaini hilo. Mfano unaorejelewa ni mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka wa 1998 na ambayo, hadi msimu wa 2024/2025 ulipokamilika, haikuwa imeutwaa tena.

Usuli wa Klabu

Klabu hii iliasisiwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya. Jina la sasa lilichukuliwa mwaka wa 1980, wakati serikali ilipoagiza vyama na vilabu viache majina ya kikabila. Hata hivyo, mashabiki huiita Ingwe, yaani chui katika lugha za Waluhya, na ngoma ya isikuti ingali inarindima majukwaani kila inapocheza. Miaka ya fahari yake inajulikana. Ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1979, ikalinyakua mara tatu mfululizo kuanzia 1982 hadi 1984, kisha ikalirejesha mwaka wa 1997.

Baada ya 1998 mambo yaligeuka. Mwaka wa 2006 klabu ilishushwa daraja, na haikurejea katika Ligi Kuu hadi mwaka wa 2009. Mwaka wa 2019 kampuni ya kamari iliyoifadhili ilijiondoa, na ukata ukaikaba. Faraja haikukosekana kabisa, kwani Leopards ilitwaa kombe la Ngao mwaka wa 2013 na tena mwaka wa 2017. Ligi, hata hivyo, ndiyo kiu yenyewe. Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu leo hakuwa amezaliwa Ingwe ilipoitwaa mara ya mwisho, na bado yumkini ameirithi kiu hiyo kutoka kwa babake.

Kutamani, Kutarajia na Kutumaini

Vitenzi hivi vitatu hutumiwa aghalabu kana kwamba ni visawe, lakini vinatofautiana. Anayetamani huongozwa na hamu tu, iwe ina msingi au haina. Anayetarajia ana ushahidi: mshambuliaji mpya, kocha hodari, au ushindi wa mechi tano mfululizo. Anayetumaini huendelea kungoja hata ushahidi unapomgeuka. Shabiki wa timu inayotwaa kombe kila mara hutarajia. Shabiki wa Ingwe, kwa miaka hii yote, amelazimika kutumaini.

Sarufi ya Kungoja

Tumaini hili hudhihirika zaidi katika ukanushaji. Kauli “tulishinda” hukanushwa kuwa “hatukushinda”, nayo “tumeshinda” hukanushwa kuwa “hatujashinda”. Kiambishi -ku- hufunga jambo: mechi ilichezwa, ikaisha, ushindi haukupatikana. Kiambishi -ja- huliacha jambo wazi, kwa maana kinadokeza kuwa tendo bado linangojewa. Shabiki akizungumzia mechi ya jana husema, “Hatukushinda.” Akiulizwa kuhusu ligi, jibu lake ni, “Hatujashinda tangu 1998.” Zaidi ya robo karne inabebwa na silabi moja, na silabi hiyo haikubali kwamba mlango umefungwa.

Hali kadhalika, viambishi vya masharti vinastahili kuangaziwa. Kwa mujibu wa sarufi inayofunzwa shuleni, -nge- huhusu jambo ambalo huenda likatimia, ilhali -ngali- huhusu lile ambalo nafasi yake imekwisha kupita. Penalti ikishapotezwa, sarufi humtaka shabiki aseme, “Tungaliifunga penalti ile, tungalishinda.” Lakini wengi husema, “Tungeifunga, tungeshinda.” Ni kweli kwamba wazungumzaji wengi hawazingatii tofauti hii katika mazungumzo yao ya kila siku. Hata hivyo, kosa hilo linaoana na hali ya moyo wa shabiki, ambaye huyazungumzia yaliyopita kana kwamba yangali yanarekebishika.

Jambo jingine ni nafsi. Shabiki hakugusa mpira, wala hakulipwa mshahara, lakini husema “tumeshinda”. Kipimo cha uaminifu wake huja siku ya kufungwa. Shabiki wa msimu husema “wamefungwa”, akajiondoa kwa kubadilisha kiambishi. Shabiki wa dhati husema “tumefungwa”, akaibeba aibu pamoja na wenzake.

Msamiati wa utangazaji nao umechangia. Kwa miaka mingi wasiofika uwanjani waliufuata mchezo kwa redio, kupitia watangazaji kama vile Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Utangazaji wa Kiswahili huziita dakika za mwisho “dakika za lala salama”. Anayeongoza hulala salama, naye aliye nyuma hukesha, kwa kuwa bao moja laweza kuyageuza yote.

Funzo la Mashemeji

Pambano la Leopards na Gor Mahia huitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluhya na Waluo, jamii zilizovizaa vilabu hivi, wameoana kwa muda mrefu. Shemeji hutaniwa, lakini hafukuzwi, maana ni wa nyumbani. Shemeji huyu ana funzo pia. Gor Mahia ilitwaa ligi mwaka wa 1995, kisha ikangoja miaka 18 hadi 2013. Shabiki wa Ingwe aliumia kuushuhudia ushindi huo, lakini ulimthibitishia kuwa kungoja kwa muda mrefu si sawa na kukosa milele.

Tumaini lina hatari zake vilevile. Mwaka wa 2012 fujo za mashabiki zilisimamisha kwa muda debi hiyo katika uwanja wa Nyayo, na viti vikang’olewa. Subira ikiisha, anayeumizwa kwanza ni timu yenyewe, kwa faini na kwa majukwaa matupu. Fauka ya hayo, wahenga walionya kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini. Shabiki anayesema “hatujashinda” pasi na kulipa kiingilio wala kuwadai viongozi hesabu za klabu anakitumia kiambishi -ja- kama mto wa kulalia.

Hitimisho

Imebainika kwamba tumaini la shabiki lina sarufi yake: -ja- inayokataa kufunga, -nge- inayokataa kusahau, na tu- inayokataa kutoroka. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi, hata hivyo, hutafuta koleo jingine. Hakai kando ya moto akisubiri lijiunge lenyewe. Siku Ingwe itakapoutwaa ubingwa, badiliko la lugha litakuwa dogo mno: “hatujashinda” itakuwa “tumeshinda”. Kiambishi tu- hakitaguswa, kwa kuwa hakikuondoka.