Familia za Nyamira zinavyojifunza kukutana pasipo matanga

KILA inapofika wiki ya mwisho ya Desemba, magari ya abiria kutoka Nairobi hupita Narok, Bomet na Sotik yakiwa yamejaa watu wanaorejea nyumbani Nyamira na Kisii kwa likizo.

Hata hivyo, kurejea nyumbani si kukutana. Wengi hufikia kwa wazazi wao, hugawa sukari na unga, hunywa chai, kisha huondoka bila kuvuka ua kumjulia hali mtoto wa ami yao.

Kwa muda mrefu, shughuli iliyowakusanya jamaa wote mahali pamoja ni mazishi. Ni huko matangani ambako watu wawili waliopanga nyumba katika mtaa mmoja jijini hugundua kwamba babu yao ni mmoja.

Hali hii ndiyo iliyozisukuma baadhi ya familia za Abagusii kuandaa mikutano ya ukoo, ambapo walio hai huitana, hutajana majina na kula pamoja bila kuwepo jeneza uani. Kazi yote hufanywa na watu wa kujitolea kutoka miongoni mwa jamaa wenyewe.

Si Nyamira pekee inayofanya hivyo. Katika visiwa vya Hawaii, familia kubwa hukutanisha mamia ya watu wa vizazi mbalimbali, na si ajabu kila tawi la ukoo kuvaa fulana za rangi yake ili kutambulikana.

Ili kuelewa uzito wa kazi hii, tuchukue mfano wa mzee aliyeoa wake watatu, na kila mke akajaliwa watoto saba. Hao ni watoto 21. Iwapo kila mmoja wao alizaa watoto sita, wajukuu ni 126. Na iwapo kila mjukuu ana watoto watatu, vitukuu ni 378.

Kwa hesabu hiyo, uzao wa mzee mmoja ni watu 525, kabla ya kuhesabu wake na waume waliooa au kuolewa katika familia hiyo.

Mfano huu haujatiwa chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Kufikia utafiti wa kitaifa wa 2022, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Waliozaliwa wakati ule wa familia kubwa ndio sasa wazazi na mababu wanaotafutana.

Isitoshe, ardhi imekuwa haba. Kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576 katika sensa ya 2019, na mashamba yamegawanywa mara nyingi. Baadhi ya familia zilihamia Borabu katika mashamba yaliyogawiwa wenyeji miaka ya 1960, nyingine zikaenda mijini, na nyingine zikavuka bahari hadi jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Abagusii ni wengi.

Kujitolea si jambo geni katika jamii hii. Zamani kulikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu, na risaga, mwaliko wa watu wengi zaidi ambao mwenye shamba aliwaandalia kinywaji baada ya kazi.

Kamati ya mkutano wa ukoo hufuata mtindo huohuo. Huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila nyumba hutoa mjumbe wake.

Neno nyumba hapa lina maana pana. Kwa Ekegusii, enyomba ni mama na watoto wake katika boma la mume mwenye wake wengi. Nyumba kadhaa zenye babu mmoja ndizo hujenga ukoo, yaani egesaku. Mjumbe akikosekana kutoka nyumba moja, watu wa nyumba hiyo watasema wametengwa, na mkutano wa kuunganisha utageuka chanzo cha mfarakano.

Jukumu la kwanza la kamati ni kuandika orodha ya ukoo, na hapo ndipo penye miiba. Abagusii huwapa watoto majina ya jamaa waliokufa. Kwa sababu hiyo, akina Nyaboke na akina Kemunto katika familia moja wanaweza kufika kumi au zaidi. Mwandishi mwerevu huandika jina la mtu pamoja na la mamake na la nyanyake.

Kuna maswali mazito kuliko majina. Je, mtoto aliyekuja na mamake alipoolewa ataandikwa wapi? Mwanamke aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika naye? Na mabinti walioolewa mbali, wataalikwa pamoja na watoto wao au wataitwa wageni?

Wazee wengine husita kwa kuhofia kwamba jina likiandikwa, mwenyewe atadai shamba. Hofu hiyo imechanganya mambo mawili. Orodha ya ukoo si orodha ya mirathi, na kumfuta binti kwenye daftari la familia hakumwondolei haki yake.

Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981 haibagui kati ya mwana na binti wa marehemu, nayo Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi ukomeshwe. Ni heri kamati itangaze mapema kwamba mashamba hayatajadiliwa siku hiyo, kisha iandike kila mtu.

Faida ya orodha hii huonekana zaidi kwa vijana. Mila ya Abagusii hairuhusu watu wa ukoo mmoja kuoana. Kijana aliyelelewa Nairobi au Minneapolis hawezi kuiheshimu mila hiyo iwapo hajui ukoo wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Wazazi wengi huona afadhali watoto wajuane mapema kuliko ndoa izuiwe wakati posa imekwisha kupelekwa.

Baada ya orodha huja suala la tarehe. Waadventista ni wengi katika eneo hili, hivyo Jumamosi haifai kwa mapishi wala muziki. Jumapili nayo ina ibada za Wakatoliki na madhehebu mengine. Siku ya kazi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo mara nyingi huwafaa wote.

Mahema nayo ni lazima hata jua likiwaka asubuhi, kwani mvua ya alasiri katika nyanda hizi za juu haina miadi.

Mpangilio wa viti unahitaji hekima pia. Abagusii wana kanuni za staha ziitwazo chinsoni, zinazotenga kizazi cha wazazi na kile cha watoto wao. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani ovyo, na mzaha wa ndani hautajwi mbele ya baba na mwana wakiwa pamoja. Kinyume chake, babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana watakavyo.

Ndiyo maana wanakamati wazoefu huwaketisha watu kwa vizazi, huku wajukuu wakiachwa karibu na mababu. Anayecheza muziki naye hupewa onyo, kwa kuwa wimbo mmoja wenye maneno ya chumbani unaweza kuwainua wazee na kuwapeleka nyumbani.

Hata lugha huleta vituko. Mtoto wa mjini humwita babake baba kwa Kiswahili, ilhali kwa Ekegusii neno hilo humaanisha mama, naye baba huitwa tata. Nyanya akicheka, mtoto hupata somo lake la kwanza la lugha ya kwao.

Upande wa fedha, michango hukusanywa kwa simu tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007. Katika familia za wakulima wa chai, ni busara kuanza kuchanga wakati bonasi ya majani chai inapolipwa, kabla ya karo ya Januari kubisha hodi.

Kosa linalovunja mikutano mingi ni kutoza kila mtu kiasi sawa. Asiye nacho haji kwa aibu, na huyo ndiye mkutano ulimhitaji zaidi. Kutoza kwa nyumba, kila nyumba ikijipangia atakayelipa na atakayeleta ndizi au kuku, huhifadhi heshima ya wote. Hesabu isomwe hadharani, na mwanasiasa anayetaka kulipia kila kitu ashukuriwe kisha aombwe kuchanga kama wengine.

Chakula hakina siri: ugali wa wimbi, chinsaga, ndizi, nyama na maziwa lala. Tatizo ni kwamba wapishi wakiwa wake wa boma pekee, wao hukaa jikoni kutwa nzima na hawamjui yeyote jioni. Afadhali vijana wa kiume washike zamu ya kuni, maji na vyombo.

Siku yenyewe huanza kwa sala. Kisha mzee husimulia safari ya ukoo, kuanzia masimulizi ya Mlima Elgon na uwanda wa Kano hadi milima ya Gusii. Nyumba husimama moja baada ya nyingine, watoto wakitaja majina yao, na waliofariki hukumbukwa.

Kabla ya kutawanyika, nyumba itakayoandaa mkutano ujao hutajwa na nakala za orodha hukabidhiwa kila nyumba. Kuanzia hapo, simu ya msiba ikipigwa usiku, anayeipokea atalijua jina analotajiwa, na huenda atakuwa amekwisha kumtembelea mwenyewe wakati alipokuwa mgonjwa.